Bustani ya Kiangazi Huanza Mvua Ingali Inanyesha



Kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni mambo ni yale yale katika masoko ya Nakawa, Kalerwe na Owino. Fungu la nakati linakuwa dogo, lakini bei yake haiwi ndogo. Mwezi wa Aprili mboga zilikuwa tele, nyingine zikaozea sokoni. Mwezi wa Julai mwenye kupika nyumbani anazunguka soko zima na pesa zile zile, anarudi na nusu ya kikapu. Mshahara haukubadilika, ila sufuria imebadilika: leo posho na maharage, kesho maharage na posho.

Wengi wetu tunacho kipande cha ardhi, hata kama ni hatua kumi nyuma ya nyumba ya kambi, au uwanja mdogo wa nyumba ya kupanga Kireka, Banda au Kawempe. Wengi pia hulima. Lakini hulima mvua inapoanza, wakati ambao kila mtu analima, na mboga zinakuwa tayari wakati kila mtu anazo. Jua likishika, jembe linawekwa pembeni. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupata mboga katika jua la katikati ya mwaka. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: bustani ya kiangazi huanza mvua ingali inanyesha.

JUA LETU SI JUA LA ULAYA

Pakiti nyingi za mbegu zinazouzwa Kampala zimetoka nchi za mbali, na maelezo yake yanasema panda katika majira ya joto au katika majira ya baridi. Maneno hayo yasikusumbue. Huko Ulaya mwezi wa Juni ndio katikati ya majira ya joto. Mjini London mchana wa mwezi huo unapita saa 16, na mwezi wa Desemba unapungua hadi saa 8 hivi. Sisi tuko karibu sana na Ikweta. Mstari wake unakata barabara ya Masaka pale Kayabwe. Kwa hiyo mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima. Kinachobadilika kwetu ni mvua.

Kampala na sehemu za jirani mvua kubwa ni mbili: ya kwanza Machi hadi Mei, ya pili Septemba hadi Novemba. Katikati kuna jua la Juni na Julai, na jua jingine la kuanzia mwisho wa Desemba mpaka Februari. Mvua kidogo huweza kunyesha hata katika miezi hiyo, lakini mkulima asiitegemee.

Urefu wa mchana una kazi yake katika kuchagua mbegu. Kitunguu ni mfano mzuri. Aina nyingi za vitunguu vya Ulaya hungoja mchana mrefu ndipo zitengeneze kichwa. Ukizipanda hapa utapata majani mazuri, chini hakuna kitu. Chagua aina zinazokubali mchana wa saa 12, kama Red Creole au Bombay Red. Kwa nakati, dodo, bbuga, jjobyo (ndio mgagani), na entula (ndiyo nyanya chungu) huna haja ya kuhangaika, kwa maana hizo ni mboga za kwetu na zinalijua jua letu.

HESABU SIKU KWA KURUDI NYUMA

Mfanyakazi wa kiwandani anajua kwamba mzigo ukitakiwa Ijumaa, kazi haianzi Ijumaa. Bustani ni hivyo hivyo. Anza na mwezi unaotaka kula au kuuza, kisha rudi nyuma.

Sukuma wiki hukaa kitaluni wiki 4 mpaka 6. Baada ya kuhamishwa huchukua tena kiasi cha mwezi mmoja au mmoja na nusu ndipo uanze kuchuma majani ya chini. Basi ukitaka kuchuma mwanzoni mwa Julai, mbegu ziwe kitaluni katikati ya Aprili, na miche ihamishwe katika nusu ya pili ya Mei. Kwa njia hii mvua za mwisho zinaishikisha miche, mizizi inakwenda chini, na jua linapofika linakuta mmea umekwisha simama. Mche ule ule ukiuhamisha katikati ya Juni, utaumwagilia kila siku na bado unaweza kufa.

Entula hukaa kitaluni wiki 5 au 6, na huanza kuzaa baada ya miezi 2 hadi 3 tangu kuhamishwa. Nyanya hukaa kitaluni wiki 3 au 4, kisha zahitaji kama miezi miwili na nusu. Hizi mbili, kama wataka matunda yake mwezi wa Julai, zisipite mwezi wa Machi bila kuwa kitaluni.

Nakati haina haja ya kitalu. Unaitupa tutani na kuvuna baada ya wiki 6 mpaka 8. Dodo ni ya haraka zaidi: wiki 4 hivi unaanza kula. Kunde za majani, ambazo Waganda huita gobe, huchumwa baada ya wiki 3 au 4 na huvumilia jua kuliko mboga nyingi.

Kwa hesabu hiyo bustani ya katikati ya mwaka ina kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, kuvuna kilichopandwa mwishoni mwa mvua. Pili, kupanda mboga za haraka, yaani dodo na kunde, katika tuta moja au mawili unayoweza kumwagilia. Tatu, mwezi wa Julai, kuweka kitalu cha nyanya, entula na kabichi, ili mvua ya pili ikianza miche iwe tayari kwenda shambani. Anayengoja mvua ndipo aweke kitalu amepoteza mwezi mzima. Kwa jua la Januari fanya vivyo hivyo, ukianza kitalu mwezi wa Oktoba.

MAHALI PA KUPANDA

Wakati wa jua macho ya watu hugeukia mabonde, kwa sababu ndipo peke yake panapobaki kijani. Hapo pana hatari ambayo haionekani. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya mji na ya eneo la viwanda mpaka kwenye bwawa la majani, na kutoka hapo maji huingia katika ziwa. Majimbi na miwa ya bondeni humea vizuri sana, lakini kumea vizuri si ushahidi wa usalama. Madini mazito, kama risasi, hayamchomi mmea wala hayabadilishi ladha yake. Hukaa katika mwili wa mtu kidogo kidogo, na madhara yake ni makubwa zaidi kwa watoto wadogo, maana huharibu ubongo unaokua.

Kando ya barabara kubwa ni vile vile. Utafiti juu ya udongo na mboga za kando ya barabara za Kampala, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba risasi hupungua kadiri unavyokwenda mbali na barabara, na watafiti wakashauri mboga za majani zipandwe angalau mita 30 kutoka barabarani. Kuosha mboga kunaondoa vumbi lililo juu ya jani. Kilichopanda kutoka udongoni hakitoki kwa kuoshwa.

Mwaka huo huo wa 2006 Baraza la Jiji la Kampala lilipitisha sheria ndogo juu ya kilimo cha mjini. Kabla ya hapo kulima mjini kulikuwa kama kosa, ingawa katika miaka ya 1970 na 1980, uchumi ulipoanguka na magendo yakatawala, watu wengi wa Kampala walikula kutokana na viwanja vyao. Sheria hizo zilikubali kilimo cha mjini, zikakiwekea masharti, na mahali kama bwawani na kando ya mifereji hapakuruhusiwa. Kwa hiyo uliza kwa mwenyekiti wa LC wako kabla ya kufungua kipande kisicho chako. Halmashauri ya Jiji, ambayo tangu mwaka 2011 inaitwa KCCA, ina kituo cha kilimo huko Kyanja ambako watu wa mjini hufundishwa kilimo cha eneo dogo.

Ndugu wa mashamba ya miwa nao waangalie. Usiweke tuta la mboga kwenye ukingo wa shamba la miwa linalopigwa dawa ya kuua magugu. Upepo ukiibeba dawa hiyo, mboga hukunjika na kufa, na zile zisizokufa hazifai kuliwa.

TUTA LA JUA NA TUTA LA MVUA

Wakati wa mvua tunainua tuta ili maji yasituame. Wakati wa jua fanya kinyume chake. Chimba tuta liwe chini ya ardhi kiasi cha upana wa kiganja, udongo wa pembeni uwe kama ukuta mdogo. Maji utakayomwaga hayatakimbia, na upepo hautakausha udongo upesi. Upana uwe mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani.

Changanya samadi iliyooza vizuri, karai mbili kwa kila hatua moja ya tuta. Samadi mbichi ya kuku huunguza miche; iache kwanza miezi miwili chini ya kivuli. Maganda ya matoke, majani na majivu yakirundikwa pamoja na kutiwa maji kidogo huwa mbolea baada ya miezi 2 au 3. Walio katika mashamba ya chai wajue kwamba chai hupenda udongo mkali wenye asidi, lakini kabichi na mboga nyingine nyingi haziupendi. Majivu ya jikoni, kidogo kidogo, huupoza.

Ukiisha panda, funika udongo. Tandaza nyasi kavu, majani ya migomba au makapi ya kahawa, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Udongo uliofunikwa hukaa na unyevu siku mbili ambapo udongo mtupu hukauka kwa siku moja. Makapi ya miwa kutoka kiwandani yanafaa pia, lakini yatandazwe juu tu. Ukiyachimbia ndani yakiwa mabichi, yanakula rutuba wakati yanapooza na mboga zinakuwa za manjano.

HESABU YA MAJI

Katika jua kali tuta la mboga changa lataka lita 4 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita 1 kwa mita 5 ni mita za mraba 5, yaani lita 20, na hiyo ni jerikeni moja. Matuta matatu ni jerikeni 3 kwa siku, na kwa mwezi ni jerikeni 90. Ikiwa maji unayanunua kwa jerikeni, zidisha 90 kwa bei ya mtaani kwenu kabla hujatupa mbegu. Huenda ukaona kwamba tuta moja linakulipa na matatu yanakula mshahara wako. Mboga zilizokwisha shika mizizi na kufunikwa nyasi huweza kumwagiliwa siku moja na kuachwa siku moja.

Mwagilia asubuhi mapema au jioni. Wa zamu ya usiku amwagilie anaporudi asubuhi kabla hajalala. Wa zamu ya mchana amwagilie jioni. Mwaga maji mengi polepole kwenye shina, usinyunyizie juu juu tu, kwa sababu maji ya juu juu huifanya mizizi ibaki juu, na huko ndiko jua linakoiua.

Maji ya kuoshea vyombo na ya kufulia kwa sabuni ya kawaida yanaweza kwenda kwenye entula, nyanya na sukuma wiki, yakimwagwa chini kwenye shina, kwa kubadilishana na maji safi. Yasimwagwe juu ya majani. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo na maji ya nepi za mtoto yasiende bustanini kabisa.

Na hili tulishike sana: jerikeni lililokuwa na dawa ya shambani haligeuki kuwa jerikeni la maji. Kuliosha mara kumi hakutoshi. Watoto hawajui lilikuwa na nini. Wataona jerikeni tu, na watakunywa.

ASIYE NA ARDHI

Anayekaa chumba kimoja anaweza kulima katika gunia. Chukua gunia la kilo 100. Weka kopo lisilo na kitako katikati, ulijaze mawe madogo. Jaza udongo na samadi kulizunguka kopo, kisha livute kopo juu, ujaze mawe tena, na kuendelea hivyo mpaka juu. Nguzo ile ya mawe katikati ndiyo hupeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, mbali kiasi cha shibiri moja, na katika kila tundu ingiza mche wa sukuma wiki. Juu panda dodo au vitunguu vya majani. Gunia moja huchukua miche 30 au zaidi, na mara nyingi maji ya kuoshea mboga na mchele ya nyumba moja yanalitosha. Ukihama, mwenye nyumba hana la kusema: unakwenda na bustani yako.

KITALU, MBEGU NA WADUDU

Kitalu cha Julai kijengewe kivuli cha majani ya migomba, kimo cha kiuno. Siku kumi kabla ya kuhamisha miche punguza kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua. Hamisha jioni, wala usihamishe mchana.

Mbegu ya dodo ni ndogo kama vumbi. Ichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuitupa, la sivyo itaota mahali pamoja kama nywele. Mbegu ya nakati usinunue kila mara. Acha miche michache mizuri ikomaze matunda mpaka yawe mekundu, yaponde, osha, anika kivulini, weka katika chupa kavu pamoja na majivu. Mbegu za kabichi na nyanya chotara hazifai kuhifadhiwa, kwa maana watoto wake hawafanani na mama.

Ukungu wa nyanya hupungua wakati wa jua, lakini wadudu huongezeka. Chini ya majani ya entula na nyanya utaona utitiri mwekundu, mdogo kuliko punje ya chumvi. Majani huwa ya manjano yenye utando. Sukuma wiki hushikwa na vidukari. Ukiwahi, wapige kwa maji yenye sabuni kidogo chini ya jani, jioni, kila baada ya siku 3 au 4. Jani lililojaa, ling'oe na kulizika. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma siku za kungoja kabla ya kuvuna, na uzihesabu kweli. Dawa ya shamba la mwajiri isiletwe nyumbani. Hiyo imepimwa kwa miwa au chai, haikupimwa kwa chakula cha watoto wako.

BUSTANI SI MSHAHARA

Sasa tuseme jambo linalohusu chama. Waajiri wengine husema, "Wafanyakazi wangu wana bustani, hawana shida." Maneno hayo tusiyakubali. Bustani inalimwa baada ya saa za kazi, kwa nguvu za mfanyakazi na jamaa yake. Haiwezi kuhesabiwa kama sehemu ya malipo. Kiwango cha chini cha mshahara, shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya, Rais akakataa kuutia saini. Basi mshahara wa mfanyakazi umeachwa kwa nguvu ya majadiliano, na asiye na chama huenda kwenye majadiliano hayo peke yake.

Katika shamba moja, jina lake tuliache, wafanyakazi walipewa kwa mdomo kipande nyuma ya kambi. Walilima vizuri. Mwezi wa Juni, mboga zikiwa karibu kuvunwa, trekta ikaja kufungua ardhi ile. Msimamizi aliyewapa ruhusa alikuwa amehamishwa, na mpya akasema haoni karatasi. Hakukuwa na karatasi kweli.

Kwa sababu hiyo wawakilishi wa wafanyakazi wanapokwenda kwenye mapatano ya pamoja, ambayo Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 2006 inayatambua, waweke na mambo haya manne mezani. Kwanza, kipande cha bustani kwa kila nyumba ya kambi kiandikwe, pamoja na mipaka yake. Pili, bomba au kisima kiwe karibu, na maji ya bustani yasikatwe kwenye mshahara. Tatu, mwajiri akitaka ardhi yake, atoe ilani ya miezi mitatu, ili kilichopandwa kivunwe. Dodo haihitaji miezi mitatu, lakini entula inaihitaji. Nne, iandikwe waziwazi kwamba bustani haitapunguza mshahara wala posho ya chakula.

Walio viwandani, ambao hawana kambi, wanaweza kuomba ukingo wa uwanja wa kiwanda ambao leo unamea majani tu. Lakini kwanza waulize ni nini kilimwagwa hapo zamani. Ardhi iliyomwagiwa mafuta au kemikali haifai, hata ikitolewa bure.

Hayo ndiyo ya kuanzia. Ukisoma haya mvua ikiwa bado ipo, weka kitalu wiki hii. Ukiyasoma jua limekwisha kuwaka, panda dodo na kunde katika tuta moja la chini, ulifunike nyasi, na uandae kitalu cha mvua ijayo. Na siku ya mkutano wa tawi, mpe mwakilishi wako yale mambo manne yakiwa yameandikwa.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.